Miaka sita nikikimbia bonde la Gudbrandsdalen

Siku ya kwanza nilipotoka kukimbia hapa Norway nilishuka hadi barabara kuu, kwa kuwa sikujua njia nyingine. Barabara hiyo ni E6. Inapita chini bondeni, sambamba na reli na mto Lågen. Malori ya magogo yalinipita kwa karibu hadi upepo wake ukawa unanisukuma pembeni. Nikakimbia dakika kumi, nikageuza, nikajiambia kwamba huku si mahali pa kukimbia.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kujua nilivyokosea. Njia zilikuwapo, tena nyingi, ila hazikuanzia barabarani. Zilianzia nyuma ya zizi la jirani, pembeni mwa uwanja wa mpira, au pale kwenye kizuizi cha chuma kilichoziba barabara ya msituni, ambacho mimi nilikielewa kuwa kinasema hapapitwi.

Naishi katika kijiji kidogo kati ya Ringebu na Vinstra. Nilimfuata mume wangu huku, nikapata kazi ya kutunza wazee katika halmashauri. Nimezaliwa Usangi, Upare, kwa hiyo milima si kitu kigeni kwangu. Kukimbia pia si kigeni. Shuleni tulikwenda mchakamchaka kabla jua halijachomoza, mmoja anaita, sote tunaitikia "chinja!", miguu ikipiga ardhi kwa pamoja. Kwa hiyo kukimbia nilikokujua mimi kulikuwa na sauti, na kulikuwa na watu. Kilichonilemea huku hakikuwa baridi. Kilikuwa kimya. Nilikuwa nakimbia kutoka nyumba yetu hadi kwenye masanduku ya barua na kurudi, mara sita, mara nane, nikisikia pumzi zangu tu.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi za misitu, aliniangalia dirishani wiki kadhaa. Siku moja akatoka, akaniuliza kwa nini sipandi juu. Nikamwonyesha kile chuma. Akanieleza taratibu, akijua Kinorwe changu bado ni cha kuokoteza, kwamba kizuizi ni cha magari. Anayekwenda kwa miguu anapita pembeni yake, na hahitaji ruhusa ya mtu.

Ndiyo siku niliyosikia kwa mara ya kwanza habari ya allemannsretten, haki ya kila mtu ya kupita. Ni desturi ya zamani sana, na tangu mwaka 1957 imeandikwa katika sheria. Ardhi ambayo haijalimwa, yaani msitu, kinamasi, mlima, hata kama ina mwenyewe, mtu yeyote anaruhusiwa kuitembea, kuikimbia, kuchuma matunda ya porini, hata kulala kwenye hema. Mtu yeyote, si raia peke yake. Nilimwomba arudie sehemu hiyo.

Kisha akaniuliza kama natoka Kenya. Akasema mwaka 1978 alikuwa uwanja wa Bislett, Oslo, usiku ule Henry Rono alipovunja rekodi ya dunia ya mita 3,000, na kwamba hajawahi kuona mtu akikimbia kwa wepesi ule. Nikamwambia mimi ni Mtanzania, sisi wa kwetu ni Filbert Bayi. Akanyamaza kidogo, halafu akazitaja mbio ambazo Bayi alivunja rekodi ya dunia: mita 1,500, Christchurch, 1974. Nilitaka kumkumbatia. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa kijiji kile kutaja jambo la kwetu ambalo si njaa wala wanyama.

Haki ile ina mipaka yake, na mmoja niliujua kwa aibu. Mwezi Juni, jua linapozama karibu usiku wa manane na mwili haukubali kulala, nilikata njia katikati ya shamba la majani lililokuwa limefika magotini. Niliona ni majani tu. Mwenye shamba akaja, hakufoka, akanieleza kwamba yale ndiyo chakula cha ng'ombe wake cha miezi yote ya theluji, na kwamba yakishalazwa na miguu mashine haiyakati vizuri. Nilisikia uso ukinichoma. Mimi niliyekua nikikata majani ya ng'ombe wa ndani, nikiyabeba kichwani kupanda mlima, ndiye nimekanyaga majani ya mtu! Sheria inasema shamba lililolimwa halipitwi kuanzia tarehe 30 Aprili hadi 14 Oktoba, na nje ya tarehe hizo linapitwa kama ardhi imeganda au imefunikwa na theluji. Kwa hiyo majira ya baridi hufungua njia ambazo kiangazi huzifunga. Shamba lile lile sasa nalivuka kila Januari, na mwenyewe hunipungia mkono kutoka kwenye trekta.

Yapo mengine ambayo mgeni hujifunza kwa kuambiwa mara moja, nayo nitayapitia haraka. Lango la mbao ukilikuta limefungwa, ulifunge nyuma yako, maana kondoo wako msituni kiangazi chote na kengele zao shingoni. Mbwa afungwe kamba kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 20 Agosti. Ukitoka kwenye majani marefu, jikague kupe. Kuanzia tarehe 25 Septemba watu huanza kuwinda elg, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye kimo cha farasi, na wewe unayekimbia msituni vaa kofia na fulana ya rangi kali ili wawindaji wakuone mapema. Elg mwenyewe hana shida na mtu, ila mwezi Mei na Juni akiwa na ndama mwachie njia. Nimewahi kukutana na mmoja kwenye kona, kama hatua ishirini hivi, masikio ameyalaza nyuma. Nilirudi kinyumenyume bila kumpa mgongo mpaka miti ikatutenganisha, kisha nikabadilisha njia siku hiyo.

Majira ya baridi ndiyo yaliyonifundisha zaidi.

Katikati ya Desemba jua letu huchomoza baada ya saa tatu asubuhi na karibu saa tisa alasiri limekwisha. Na hapo nasema jua la kalenda. Bonde likiwa jembamba, mlima hulificha hata kwa saa hizo chache, na zipo nyumba ambazo haziguswi na mwale mmoja kwa wiki nyingi. Mtu anayetoka kazini anakimbia gizani au hakimbii. Ndiyo maana karibu kila kijiji kina lysløype, njia ya taa: kijia kipana kinachozunguka msituni kikiwa na nguzo za taa mwanzo hadi mwisho. Ya kwetu haifiki kilomita tatu. Kiangazi na vuli ni ya kukimbilia. Theluji ikishatanda, inakuwa njia ya ski, zile mbao ndefu nyembamba zinazovaliwa miguuni kuteleza juu ya theluji.

Hapo nilikosea tena. Majira yangu ya kwanza nilifurahi kuikuta imesawazishwa vizuri, pembeni kuna mifereji miwili iliyonyooka kama reli, nami nikakimbia juu ya mifereji hiyo kwa kuwa ndipo palipokuwa pagumu. Bibi mmoja wa miaka kama sabini na tano alisimama na ski zake, akanisubiri nifike, akanionyesha kwa fimbo mashimo ya viatu vyangu nyuma. Usiku yataganda, akasema, na kesho mtoto atakayeteremka kwa kasi ataingiza ski humo. Mifereji ile ilichongwa na watu wa klabu ya michezo ya kijiji, wanaojitolea, wengine wakitoka na mashine alfajiri kabla ya kwenda kazini. Sikuijua habari hiyo. Tangu siku hiyo kukiwa na theluji nakimbia barabara za msituni zilizosafishwa na katapila la theluji, au njia za kutembea kwa miguu tu, na njia ya taa naiachia ski hadi Aprili.

Barabarani gizani, vaa reflekta. Mwenye gari aliyewasha taa za chini humwona mtu mwenye nguo nyeusi akiwa umbali wa kama mita 30 tu. Akivaa reflekta, huonekana kwenye mita kama 140. Hapa hata mabibi na watoto wa chekechea wamezining'iniza kwenye makoti. Sijawahi kuona nchi inayokazania kitu kidogo hivyo kwa bidii kubwa hivyo, na naipenda kwa hilo.

Sasa nieleze siku ya barafu, maana ndiyo iliyobadilisha namna ninavyotoka nyumbani.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, mwaka wangu wa pili. Kulikuwa kumenyesha, kisha usiku baridi ikashuka ghafla, asubuhi theluji nyepesi ikaanguka juu yake. Mume wangu alikuwa zamu. Nilipanda barabara ya msituni peke yangu bila kumwambia mtu ninakokwenda, nimevaa fulana ya pamba chini ya koti. Kilomita kama nne juu, kuna mahali chemchemi hutoka kwenye mteremko na kuvuka barabara. Majira ya baridi maji yale hayaachi kutoka, huganda juu ya yaliyotangulia, tabaka juu ya tabaka, mpaka barabara inapata mgongo wa barafu. Ile theluji nyepesi ilikuwa imeufunika. Mguu wa kushoto ulikwenda upande wake na mimi upande wangu.

Maumivu ya kifundo niliyaweza. Yaliyonitisha yalikuja baadaye. Nilitoa simu mfukoni mwa nje wa koti, ikaonyesha asilimia arobaini, nikabonyeza namba, ikazimika. Betri haivumilii baridi. Kisha jasho lililokuwa limelowesha ile pamba likaanza kuganda mgongoni. Ukiwa unakimbia kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri unasikia joto kama la Same mjini, lakini ukisimama dakika tano mwili unakuwa si wako. Meno yalianza kugongana. Nikavunja tawi, nikaligeuza fimbo, nikaanza kushuka kwa mguu mmoja na kitako. Sikulia. Nilikuwa naimba, nyimbo za mchakamchaka, kwa sauti ya juu, ili nisisinzie na ili kama yupo mtu anisikie.

Baada ya muda ambao mimi niliuona ni nusu siku, na kumbe haukufika saa moja, mtu alikuja na trekta kuchukua kuni alizozipanga juu. Alinifunika koti lake, akanikalisha kando yake, akanipa kahawa ya chupa yake. Njia nzima aliniuliza jambo moja tu: nani anajua uko huku? Nilipojibu hakuna, hakusema kitu. Alikaza macho mbele.

Kifundo hakikuvunjika. Nilikaa wiki tano bila kukimbia, na katika wiki hizo nilijifunza kanuni za milimani, zile ambazo kila mtoto hapa anafundishwa. Ziko tisa. Zilienezwa kwa nguvu nchini kote baada ya Pasaka ya mwaka 1967, watu 18 walipopoteza maisha milimani. Ya nane inasema geuka mapema, kugeuka si aibu. Nilikuwa nimeisikia kabla ya hapo nikaiona ni ya wapanda milima wakubwa, si ya mimi ninayekimbia saa moja nyuma ya nyumba. Lakini chemchemi ile iko nyuma ya nyumba.

Tangu hapo fulana ya ndani ni ya sufu, maana sufu hata ikilowa inashika joto. Simu nailaza kifuani, ngozini. Nina programu ya Hjelp 113, ambayo ukiita gari la wagonjwa inawapelekea mahali ulipo. Kwenye meza ya jikoni naacha karatasi yenye jina la njia na saa ya kurudi, hata mume wangu akiwa nyumbani amelala. Na kuanzia Oktoba viatu vyangu vina brodder, meno ya chuma yaliyoshikwa na mpira, yanayovalishwa juu ya kiatu chochote. Nimeona wageni wakinunua viatu vya bei ya kutisha na kuyaacha meno haya dukani. Anzeni na meno.

Jambo jingine, lenye furaha. Januari moja kipimajoto cha dirishani kilisoma nyuzi 22 chini ya sifuri, ukungu umelala juu ya mto, nikaamua kubaki ndani. Jirani yangu akacheka, akasema leo ndiyo siku ya kupanda. Nilidhani juu ndiko kwenye baridi zaidi, kama ilivyo Shengena au Kilimanjaro. Kumbe usiku wa mbingu safi usio na upepo hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka kwenye miteremko na kutuama chini bondeni kama maji kwenye bakuli. Nilipanda taratibu, skafu mdomoni, nikivuta hewa kwa pua. Kama mita 300 juu ya mto nikatokeza nje ya ukungu. Jua! Saa yangu ilisoma nyuzi 9 chini ya sifuri, na baada ya ile ya chini niliona kama ni joto. Bonde zima chini yangu lilikuwa bahari nyeupe, na vilele vya upande wa pili vimesimama kama visiwa. Nilikaa pale mpaka vidole vikanikumbusha kushuka. Kila mwaka naisubiri siku kama hiyo, na mara nyingi huja.

Na kile kimya? Kilivunjika njiani, si kwingine. Dukani mtu wa huku anakupita bila neno, nawe unalala ukijiuliza umemkosea nini. Mtu huyo huyo ukikutana naye msituni anakusalimu, anasimama, anakuuliza kama huko juu barafu imeyeyuka na kama umeona matunda ya molte kwenye kinamasi. La molte usitarajie akujibu ukweli ukimwuliza yeye, maana mahali yanapoota ni siri ya familia. Mengine yote atakueleza. Mimi niliyelelewa kusalimia kila mtu kwenye kijia, hata asiyenijua, nilijiona nimefika nyumbani kwa mlango wa nyuma. Juu ya kilima chetu kuna sanduku la bati lenye daftari na kalamu. Kila anayefika huandika jina na tarehe. Nimelisoma jina la jirani yangu humo mara nyingi, na mara moja moja chini ya jina langu nimekuta ameandika hali ya njia kwa ajili yangu: pale kwenye daraja pana utelezi, kuwa mwangalifu.

Kiangazi nakimbia kipande cha njia ya mahujaji inayotoka Oslo hadi Trondheim, kilomita 643, kwenye kaburi la mfalme Olav aliyeuawa mwaka 1030. Inapita bondeni kwetu, kutoka kanisa la mbao la Ringebu, lenye umri wa miaka karibu 800, kuelekea Hundorp na kanisa la mawe lenye pembe nane la Sør-Fron. Ni njia ya kupanda na kushuka, mara uko uani kwa mtu, mara uko kwenye malisho, mara unaruka mbao zilizolazwa juu ya matope. Hukimbii kwa saa. Mwanzoni nilihesabu dakika za kila kilomita na nilirudi nimekasirika, maana mbio za bondeni na mbio za huku haziwezi kupimwa kwa kipimo kimoja. Sasa nahesabu muda wa kuwa nje, basi. Magoti yangu, ambayo lami ilikuwa imeanza kuyaharibu, yamepona kwenye udongo na majani ya misonobari.

Mbao zile juu ya matope kuna mtu aliyezilaza. Alama za T nyekundu huko juu milimani, zinazotunzwa na chama cha watembeaji kilichoanzishwa mwaka 1868, kuna mtu aliyezipaka rangi. Huku kazi hiyo ya kujitolea wanaiita dugnad. Mara ya kwanza nilipoalikwa nilielezwa kwa urefu maana yake, nami nikawasikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha nikawaambia kwamba Upare tunaiita msaragambo, na kwamba barabara na mifereji ya kijiji chetu imejengwa hivyo tangu enzi za mababu. Wakalijaribu neno lile. Sasa kila mwezi Mei, tunapokwenda kukata matawi yaliyoangushwa na theluji, kuna watu wawili watatu wa bonde hili wanaoniuliza msaragambo ni saa ngapi.

Vuli iliyopita halmashauri yetu ilipokea familia ya Wakongo waliokaa miaka mingi kambini Uganda. Mama yao anatoka Kivu na Kiswahili chake kina ladha nyingine, ila tunaelewana kuliko ninavyoelewana na mtu yeyote bondeni hapa. Aliniambia halali. Nikamwambia njoo Jumanne na Alhamisi, saa mbili usiku, uwanja wa mpira. Nilimpa reflekta mbili na meno yangu ya zamani ya viatu, nikapiga magoti nikamvalisha, kwa sababu yakivaliwa vibaya yanachomoka.

Tulikwenda njia ya taa, tukitembea zaidi kuliko kukimbia. Theluji ilikuwa bado. Alishika mkono wangu hadi nguzo ya nne au ya tano, akiangalia giza lililo kati ya miti. Msituni, kwake, ni mahali watu wenye bunduki hutokea. Sikumwambia asiogope. Nilimwambia ni nani anayeishi kwenye kila taa ya nyumba inayoonekana chini, mmoja mmoja, anafanya kazi gani, ana mbwa wa namna gani. Aliniuliza taa hizi za njiani zinazimwa saa ngapi. Nikamwambia saa nne. Akauliza sasa ni saa ngapi. Saa tatu kasoro, nikasema, tunaweza kuzunguka tena. Akafikiri, akakaza kamba za kofia, akasema: "Basi tuende, dada, lakini safari hii wewe upite nyuma yangu."